Krenki Yenye Jipu

Fundi wa baiskeli ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa mkaidi kuliko mafundi wote wa Kisenyi, Kampala, na hilo hakuna aliyelibisha, hata yeye mwenyewe. Nilimjua kwa miaka tisa na sikuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja. Wakongo wenzake walimwita Papa Fundi. Mimi nilimwita Mzee nikiwa mbele yake na Fundi nikiwa mbali. Hajji, jirani yake aliyeuza matairi ya mitumba, alimwita Fundi siku za amani na Mukongo siku za ugomvi. Waligombana karibu kila siku, kwa hiyo majina yote mawili yalipata kazi.

Alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu. Mengine ya huko hakupenda kuyasema, nami sikupenda kumchokonoa. Kibanda chake kilitosha baiskeli moja na mteja mmoja mwembamba. Mteja mnene alisubiri nje, na mimi wakati huo nilisubiri nje.

Hakuwa na desturi ya kumuuliza mteja baiskeli yake ina tatizo gani. Ukianza kumweleza, aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Mwenye kinga hajue kitu," alisema, maana kwa Kiswahili cha kwao baiskeli ni kinga, na ndiyo ni njo. "Kinga yenyewe njo inajua." Kisha alichukua bisibisi, akaisimamisha juu ya fremu, akatia sikio kwenye mpini wake na kufumba macho. Wakati huo alitaka Kisenyi yote inyamaze. Magari yalipiga honi, wachomeleaji walichomelea, na Hajji akaanza makusudi kugonga ringi kwa nyundo. Fundi alivumilia kidogo, akafumbua macho na kutangaza ugonjwa. Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo ambalo lilinikera.

Lilinikera kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuja Kampala kutoka Kisumu kuajiriwa na kampuni moja ya mizigo kule Port Bell, na kazi yangu ilikuwa kukagua mizani. Mizani ya samaki, ya sukari, ya magunia, yote ilipita mikononi mwangu. Niliweka mawe ya uzito niliyoyajua, nikaangalia mzani unasema nini, na ukisema uongo nilibandika karatasi nyekundu na usiguswe tena mpaka utengenezwe. Wenye mizani walinisihi, wengine waliniletea samaki. Samaki niliwarudisha. Nilijisifu kwa hilo, na bado najisifu.

Sasa fikiria mwanamke wa vipimo kama mimi anakutana na fundi asiye na rula wala tepu. Fundi alipimia vitu kwa spoki moja kuukuu, ambayo aliichonga alama kwa tupa. Kila alama ilikuwa na jina, na jina lilitokana na mwenye baiskeli ambako alama hiyo ilichukuliwa. Kulikuwa na alama ya Mama Chapati, aliyekuwa na baiskeli ya kubebea unga. Kulikuwa na Padri, kutokana na padri mmoja wa kilima cha Rubaga aliyependa baiskeli nyembamba za mashindano. Na kulikuwa na Polisi, kutokana na askari aliyeleta baiskeli ya milimani yenye matairi ya kutisha. Utamsikia Fundi akimwambia mteja, "Ekseli yako iko Padri, lakini inaomba Polisi kidogo," na mteja anaitikia kwa kichwa kwa unyenyekevu wote, bila kuelewa neno.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikaja na kalipa yangu ya kazini, kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake bila kubahatisha, nikamwomba spoki. Alinipa huku akitazama pembeni, kama mtu anayepimwa homa. Padri alikuwa milimita sitini na nane. Polisi alikuwa sabini na tatu. Hivyo ndivyo viwango vya upana wa bomba la ekseli vinavyotumiwa na viwanda vya baiskeli dunia nzima, bila pungufu wala ziada. Nilipima mara tatu, maana nilitaka akosee.

"Sasa?" akaniuliza.

"Iko sawa, Mzee."

"Njo nilikuwa nasubiri weye useme," akanijibu, akairudisha spoki mfukoni.

Ukimtazama vizuri, hakuwa mtu mmoja. Alichukia pikipiki za boda kwa moyo wake wote, akasema zimewalegeza watu mapaja, lakini vipuri vyake viliposahaulika nyumbani Nateete alimtuma mtu wa boda na kumkemea kwamba anaendesha polepole. Jumapili kanisani kwao alitoa ushuhuda kwamba majivuno ni sumu ya roho. Jumatatu kibandani alisema kutoka Kisenyi mpaka Mombasa hakuna mwanadamu anayeweza kunyoosha gurudumu kama yeye. Nilipomkumbusha ya jana, alisema majivuno ni kusema uongo, na yeye hajasema uongo.

Kitu kimoja tu hakikubadilika kwake: hakutaka kuhurumiwa. Ukimwona amebeba fremu tatu na ukajaribu kumpokea moja, alikubebesha zote tatu pamoja na sanduku la nyundo, kisha akakutangulia mikono mitupu akipiga mluzi.

Na sababu za kumhurumia zilikuwapo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani. Alitembea kwa kuuburuta kidogo, na akipanda baiskeli aliuweka tu juu ya pedali, ukazunguka naye bila kusukuma chochote. Ukimuuliza uliumiaje, jibu lilitegemea wewe ni nani. Watoto waliambiwa ni kiboko wa ziwani. Wanawake waliambiwa ni wivu wa mke wa kwanza. Mchungaji aliambiwa ni majaribu. Hajji aliambiwa ni Hajji mwenyewe, kwa kelele zake. Mimi niliambiwa mara moja kwamba ni lori, nikaamini, kisha wiki iliyofuata lori likawa ngazi. Nikaacha kuuliza.

Ilipofika zamu ya baiskeli yangu kutibiwa nilikuwa nimejiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wa Jumamosi, watu wa maofisini, wengi wao Wakenya kama mimi, ambao hawakuweza kupanda kilima bila kuandika wamekipanda vipi. Wenzangu walikuwa na baiskeli nyembamba za lami. Mimi nilikuwa na ya milimani, nzito, kwa sababu nazijua barabara za Kampala. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akirudi Nairobi akaniachia krenki za baiskeli yake ya lami, yaani ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedali, pamoja na ekseli yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umegundishwa kijidude cha plastiki kwa ndani, ukubwa wa jongoo aliyejikunja. Kijidude hicho kilihisi jinsi chuma kinavyopinda mguu unapokanyaga, kikatuma kwenye simu hesabu ya nguvu zako kwa wati. Nilikitamani kupita kiasi. Mtu wa kupima vitu hujipima mwenyewe mwisho, na akianza haachi.

Nikampelekea Fundi baiskeli na krenki. Alizigeuzageuza muda mrefu.

"Iyi ni miguu ya mutu mwingine," alisema. "Unataka nikate ya huyu nitie ya jirani."

"Inawezekana?"

"Kuwezekana inawezekana. Kupendana njo sijui." Akatoa spoki. "Ona. Ekseli ni ya Padri. Bomba ya fremu yako ni ya Polisi. Padri ni mufupi, nyumba ni mupana. Padri hawezi kurefuka. Tutapunguza nyumba."

Kupunguza nyumba kulikuwa na maana ya kuikata fremu yangu kwa tupa, pande zote mbili za lile bomba la chini ekseli inamopita, milimita tano kwa jumla. Nilitaka kukataa. Kabla sijapata maneno, kidole chake kilikuwa juu ya kijidude.

"Na iyi jipu?"

"Si jipu, Mzee. Ni kipima nguvu."

"Nguvu ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama kwa huruma ambayo yeye mwenyewe asingeikubali kutoka kwa mtu. "Ju ya nini unaipima? Ilipotea?"

Alikata kwa siku mbili. Mimi sikuweza kutazama. Nilikaa kwa Hajji, juu ya tairi la lori, nikinywa chai yake ya tangawizi na kusikiliza fremu yangu ikiliwa. Hajji alinifariji kwa namna yake, akichanganya Kiganda, ambacho bambi ni pole na gaali ni baiskeli. "Bambi, Mukenya. Hiyo gaali ilikuwa mzuri. Sasa imekwisha." Kila baada ya muda tupa ilinyamaza, spoki ikaingia, Fundi akasema "Bado Polisi," na tupa ikaanza tena. Upande wa kulia aliula zaidi kuliko wa kushoto, na hilo nilidhani ni kosa mpaka aliponieleza. Krenki zikisogea kushoto kidogo, jipu litapata nafasi ya kupita bila kukwaruza fremu. Gia kubwa ya mbele iligonga bomba la nyuma, kwa hiyo akaing'oa akaniachia ndogo peke yake. Ile kubwa alimpelekea binti yake, Furaha, aliyeiweka mezani na kuwekea sufuria za moto mpaka leo. Krenki zilipozunguka mara ya kwanza hazikutoa hata sauti. Fundi alitia bisibisi, akatega sikio, akanipa nami nisikilize. Sikusikia kitu. Akasema ndivyo afya inavyosikika.

Furaha huyu ndiye aliyesababisha yaliyofuata. Alikuwa na duka la vitenge Nateete, aliishi na baba yake, na alikuwa mtu wa sauti ndogo na msimamo mkubwa. Kila asubuhi Fundi alipanda baiskeli yake kutoka Nateete, akakivuka kilima cha Rubaga, akashuka mpaka Kisenyi, na jioni akarudi njia hiyo hiyo. Mwaka ule alianguka mara mbili. Mara ya pili alirudi nyumbani na shati lenye damu akidai ni rangi. Furaha akanunua kiti kizuri chenye mto, akakiweka dukani kwake, akamwambia, "Papa, imetosha. Utakaa hapa, utaangalia vitenge."

Fundi alikuja kazini siku ile akiwa amenyamaza, na kwa mara ya kwanza Hajji aligonga ringi bila kutukanwa. Hajji mwenyewe akaingiwa na wasiwasi, akanipigia simu. Nilipofika, Fundi aliniambia yote huku akifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. "Kuangalia vitenge," alisema. "Vitenge vinaenda wapi?" Nilitaka kucheka, nikaona macho yake. Yule mzee alikuwa anaogopa. Kwake kile kiti chenye mto kilikuwa kaburi lenye mto.

Jipu ndilo lililoleta wazo, na wazo lilikuwa lake, si langu. Furaha alipokuja kumchukua jioni, Fundi alimwambia mbele yetu: "Dada huyu iko na mashini ya kupima nguvu. Serikali ya mizani njo yeye. Anipime. Mashini ikisema mi ni muzee, nitakaa kwenye kiti. Ikisema niko na nguvu, utafunga kinywa."

Furaha akanigeukia. "Dada, mashini yako inasema ukweli?"

"Inasema ukweli," nikajibu. Mimi, mkaguzi wa mizani, nikajibu hivyo juu ya mzani ambao sikuwa nimeukagua hata kidogo. Niliuamini kwa sababu ulikuwa wangu na ulikuwa na taa ya kijani.

Tulikwenda Jumapili, baada ya ibada yao, chini ya kilima cha Rubaga. Fundi alikuja na suti ya kanisani, tai, na viatu vilivyong'aa, suruali amefunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Hajji hakuwa na ibada siku hiyo, ila alikuja kushuhudia, akatangulia kileleni. Ilibidi kwanza mimi nipande, ili watu waone mashini inavyofanya kazi. Nilipanda kwa roho yote, nikafika juu nikiona nyota, simu ikasema wastani wa wati mia moja na tisini. Sikuwahi kupata hesabu kubwa namna ile. Nilitembea nayo moyoni mpaka chini, nikimwonea Fundi huruma.

Kisha akapanda yeye, kwa baiskeli yangu ile ile. Mimi na Furaha tulimfuata kwenye boda moja, tumebanana nyuma ya dereva. Alipanda bila kusimama kwenye pedali, bila kuhangaika, mgongo umenyooka, tai inapepea begani. Mguu wa kushoto ulishuka na kupanda kama mchi. Wa kulia ulizunguka tu, kiatu kinang'aa. Katikati ya kilima Furaha alinishika mkono akaufinya, na sikujua kama anaomba ashinde au ashindwe. Nadhani hata yeye hakujua. Kileleni Fundi alishuka, akajifuta jasho kwa tai, akanikabidhi simu bila kuitazama. Ilisema mia tatu na kumi.

"Mia tatu?" Hajji akanipokonya simu. "Wewe Mukenya mia moja na mzee mia tatu? Kweri kweri huyu mzee iko na nguvu ya trakta."

Furaha aliisoma mara mbili. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akacheka, akamkumbatia baba yake na jasho lake lote, akafunga kinywa kama alivyoahidi.

Nilielewa kosa langu siku iliyofuata, kazini, nikila chapati mezani na kusoma kile kijitabu cha maelezo ambacho nilipaswa kukisoma mwanzo. Kijidude kiko kwenye krenki ya kushoto. Kinapima mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia hakiuoni, kwa hiyo kinadhani unafanya kazi sawa na mwenzake, kinachukua kilichopata na kuzidisha mara mbili. Kwa mtu wa miguu miwili ni sawa. Kwa Fundi, nusu ya wati zake zilikuwa hewa. Nguvu zake za kweli zilikuwa mia moja na hamsini na tano.

Kitu cha kwanza nilichofikiri, nakiri kwa aibu, ni kwamba nilimshinda. Cha pili ni kwamba mzee mwenye nusu ya nguvu zile alikuwa anavuka kilima kila siku kwa sababu mimi nilitoa ushahidi wa uongo. Jioni nikapitia Nateete kumwambia Furaha. Nilimkuta ameondoa kile kiti, amekiweka juu ya kabati na kukifunika gazeti.

"Dada, nilikuwa naogopa sana," aliniambia. "Nilikuwa namuona anakufa njiani. Sasa moyo umetulia. Mashini ilisema."

Nilifungua kinywa. Nikauliza bei ya kitenge. Nilinunua kile, na wiki iliyofuata nilirudi na nia ile ile nikanunua kingine. Nina vitenge vinne nyumbani ambavyo sijawahi kuvishona, na kila kimoja ni siku niliyoogopa. Mizani ya watu niliibandika karatasi nyekundu bila kupepesa macho. Wangu ulidanganya, nami nikaulinda, kwa sababu nilikuwa nimeona uso wa mzee yule akifuta spana safi.

Fundi kwa upande wake akawa havumiliki. Alijifunza neno wati na akalitia katika kila kitu. Mteja mvivu alikuwa wati arobaini. Mchungaji wao alihubiri wati mia, siku za mfungo sitini. Maharage ya mama wa jirani yalipungua wati tangu aanze kutia maji mengi. Vijana waliokuja kununua matairi kwa Hajji walioneshwa ule mguu wa kushoto, suruali imepandishwa hadi gotini, na kuambiwa waguse. Waligusa. Mimi nilipopita aliwaambia, "Dada huyu ni mia moja na tisini. Si mubaya, kwa mutu wa ofisi." Kila siku nilipita pale nikiwa na jibu mdomoni, na kila siku nikalimeza pamoja na chai ya Hajji.

Alifanya kazi miaka minne mingine. Hakuanguka tena, au alianguka na akaficha vizuri zaidi. Kisha kampuni yetu ikanirudisha Kisumu, nikaagana naye kibandani. Alitia bisibisi kwenye fremu yangu, akasikiliza, akasema itafika. Kisha alikazana kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza.

Nilirudi Kampala kwa shughuli ya siku tatu, baada ya miaka miwili. Kisenyi nikakuta kibanda kina muuza viatu, na Hajji akanielekeza Nateete bila utani wowote, jambo lililonitia hofu. Fundi alikuwa dukani kwa Furaha. Alikuwa amekalia kile kiti chenye mto, vitenge vimemzunguka pande zote, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda. Goti lilikuwa limevimba. Daktari alisema limesagika, halitaendesha baiskeli tena.

Furaha alinikaribisha, akatoka kwenda kutuletea soda. Tukabaki wawili. Nililitazama lile goti na nikashindwa kuongea habari za Kisumu.

"Mzee, nina jambo," nikasema. "Ile siku ya kilima. Kile kipimo kilipima mguu wa kushoto peke yake. Kilidhani wa kulia unafanya kazi, kikazidisha mara mbili. Haikuwa mia tatu na kumi. Ilikuwa mia moja na hamsini na tano."

"Ulijua lini?"

"Kesho yake."

"Ukaogopa kuniambia."

"Niliogopa. Ningesema mapema ungekaa kwenye kiti hiki goti likiwa zima. Nisamehe, Mzee. Nimelimaliza mimi."

Alitazama vitenge. Uso wake ulishuka, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mzee kweli, mtu anayezidisha na kugawanya maisha yake upya na kukuta yamepungua. "Basi Furaha alikuwa na haki," alisema polepole. "Sikuwa na kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akanigeukia.

"Weye siku ile ulipata ngapi?"

"Mia moja na tisini."

"Basi ulinipita."

"Nilikupita," nikasema, na hata katika majonzi yale, Mungu anisamehe, niliona raha kidogo. Nilikuwa nimelingoja neno lile miaka sita.

"Na miguu ngapi?"

"Miwili."

"Gabanya."

Nikagawanya. Nilipata tisini na tano, na nilipoipata sikutaka kuitamka. Alisubiri. Alikuwa na subira ile ile ya kusubiri niisome spoki yake.

"Tisini na tano, Mzee. Kila mguu."

"Na mimi?"

"Mia moja na hamsini na tano."

"Na mguu ngapi?"

"Mmoja."

Aliegemea kwenye mto wa kiti, akaliweka tumbo lake vizuri, akaanza kucheka. Kicheko kilianzia chini kikapanda mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka pamoja naye huku nikilia kidogo, sijui kwa lipi zaidi. Furaha aliingia na soda tatu, akasimama mlangoni akitutazama.

"Munacheka nini?"

"Dada alikuja kunipima tena," Fundi akasema, akijifuta macho.

"Na ikakuwa aje?"

"Nimemupita."

Furaha akatazama lile goti juu ya kigoda, akanigeukia mimi. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli," nikamjibu, na safari hii nilimtazama machoni.